Babu, Baba na Mwana: Kanda za Sumaku na Mashine za Kuzisoma

Jumapili ya tarehe 27 Februari 2011, maelfu ya watu walifungua Gmail wakakuta kutupu. Barua za miaka, lebo, hata mipangilio ya akaunti, vyote vilikuwa vimetoweka. Google walikuwa na nakala za barua hizo katika vituo zaidi ya kimoja, lakini hitilafu iliyoingia na toleo jipya la programu ilikuwa imezifuata nakala hizo huko huko ziliko. Kesho yake Ben Treynor, makamu wa rais wa uhandisi, akatoa maelezo: walioathirika walikuwa asilimia 0.02 ya watumiaji, na barua zao zingerudishwa kutoka kwenye kanda. Kanda hazikuwa zimeunganishwa na mtandao, ndiyo maana hitilafu haikuzipata. Ndiyo maana pia kazi ya kurudisha ilikwenda polepole.

Wapo walioshtushwa zaidi na habari ya kanda kuliko na hitilafu yenyewe. Kanda ilikuwa kitu cha muziki wa wazazi, kile kilichorudishwa nyuma kwa kalamu ya Bic ili betri za redio zisiishe. Kumbe kampuni kubwa kuliko zote katika biashara ya kutafuta habari mtandaoni ilikuwa na shehena yake.

Kanda ya sumaku ilianzia Ujerumani, na ilianzia kwenye sigara. Fritz Pfleumer, mhandisi aliyefanya kazi Dresden, alijua kubandika mkanda mwembamba wa rangi ya shaba kwenye karatasi ya sigara, badala ya ule wa dhahabu uliokuwa ghali. Akajiuliza kama ujuzi uleule ungeweza kugandisha unga wa chuma juu ya ukanda wa karatasi ili unase sauti. Mwaka 1928 alipata hataza. Karatasi ilikuwa ikikatika hovyo, lakini wazo lilisimama. Kampuni ya AEG ilichukua haki za uvumbuzi huo mwaka 1932 ikatengeneza mashine, na wanakemia wa Ludwigshafen, wale wa BASF, wakatengeneza kanda ya plastiki. Mwaka 1935 mashine hiyo, Magnetophon, ilionyeshwa hadharani kwenye maonyesho ya redio mjini Berlin.

Vita vilipokwisha, mwanajeshi mmoja wa Marekani, Jack Mullin, alizikuta mashine hizo kwenye studio ya redio huko Bad Nauheim. Alituma mbili nyumbani, vipandevipande, kwa posta. Mwimbaji Bing Crosby, aliyekuwa amechoka kurudia kipindi chake cha redio moja kwa moja mara mbili kila wiki kwa sababu ya tofauti ya saa kati ya pwani mbili za nchi yake, aliipenda teknolojia hiyo akaweka fedha zake kwenye kampuni changa ya Ampex. Ukoo huohuo wa kanda ndio uliokuja kubeba bendi za dansi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, rili baada ya rili. Lakini hapa njia zinaachana, maana mahali pengine kulikuwa na watu waliotaka kanda ibebe hesabu.

J. Presper Eckert na John Mauchly walikuwa wa mbele kabisa. Kompyuta yao ya UNIVAC, iliyopokelewa na Ofisi ya Sensa ya Marekani mwaka 1951, ilikuwa na mashine za kanda zilizoitwa Uniservo. Hawakuiamini plastiki. Kanda yao ilikuwa ya chuma, shaba iliyochanganywa na fosforasi na kupakwa nikeli, upana wa nusu inchi na urefu wa mita zipatazo 365. Ilikuwa nzito, na ilihitaji ulinzi ili isikwaruze kichwa cha kusomea.

IBM ilichelewa, na sababu si ngumu kuifahamu. Kampuni hiyo ilikuwa ikiishi kwa kadi za kutobolewa. Kila mteja mkubwa alikuwa akinunua kadi kwa mamilioni, mwaka hadi mwaka, na biashara inayojirudia namna hiyo hakuna anayeiua kwa mikono yake mwenyewe bila kulazimishwa. Walioilazimisha IBM ni wateja. Kampuni za bima zilikuwa zimejaza ghorofa nzima nzima kadi tupu, na zikaanza kusema wazi kwamba nafasi imekwisha. Mwezi Mei 1952 IBM ikatangaza mashine ya kanda namba 726, sambamba na kompyuta yake ya 701. Rili moja ilichukua takriban herufi milioni mbili, sawa na maelfu kwa maelfu ya kadi.

Ndani ya mashine hiyo kulikuwa na ufundi unaostahili kutazamwa kwa karibu. Kompyuta ya wakati ule haikusoma kanda mfululizo kama redio inavyocheza wimbo. Ilisoma fungu moja la data, ikasimama ifanye hesabu, ikasoma fungu jingine. Kwa hiyo kanda ilitakiwa ianze kukimbia kwa karibu mita mbili kwa sekunde na kusimama tena katika kufumba na kufumbua, mamia ya mara. Kanda yenyewe ni nyepesi, inaweza. Rili iliyojaa haiwezi, maana ni nzito, na ukiivuta ghafla kanda inakatika au inanyooka hadi data inaharibika. Mhandisi wa IBM mjini Poughkeepsie, James Weidenhammer, aliachana na springi na roda. Aliweka mfereji mrefu wa wima kati ya rili na kichwa cha kusomea, akafyonza hewa kutoka chini yake. Kanda ikanyonywa ndani ikaning'inia kwa umbo la U, imekazwa na hewa tupu bila kuguswa na chochote. Kichwa kikihitaji kanda, kinavuta kutoka kwenye hilo tanzi, na vihisi vya mgandamizo wa hewa vinaiambia mota izungushe rili taratibu kulijaza tena. Rili haikulazimika kukurupuka hata siku moja.

Tanzi hizo zinazopanda na kushuka nyuma ya kioo ndizo zilizowavutia watu wa sinema. Kwa miaka zaidi ya 30, mtengeneza filamu aliyetaka kuonyesha kwamba kompyuta inafikiri aliweka kamera mbele ya rili zinazozunguka kwa mitikisiko. Kwa kweli mashine iliyokuwa ikionyeshwa ilikuwa kabati la kumbukumbu tu. Kompyuta yenyewe ilikuwa sanduku la kando, halichezi wala halitikisiki, na hakuna mwongozaji aliyelitaka.

Kazi za ofisini zilibadilika mara moja. Mwaka 1954 kiwanda cha General Electric cha vifaa vya nyumbani huko Louisville, Kentucky, kilianza kutumia UNIVAC kuandaa mishahara. Kanda ina tabia moja isiyobadilika: husomwa kwa foleni. Habari ikiwa mita 600 ndani, lazima mita 600 zizungushwe kwanza. Kwa hiyo majina ya wafanyakazi yalipangwa kwa namba, na taarifa za wiki, nani kafanya saa za ziada na nani kakopa, nazo zikapangwa kwa namba hizohizo. Mashine moja ilisoma kanda ya wiki iliyopita, nyingine ikasoma mabadiliko, ya tatu ikaandika kanda mpya kabisa. Ile ya zamani haikuguswa. Wahasibu waliokuwa wakiandika juu ya daftari lilelile miaka yote wakajikuta wana daftari jipya kila wiki, na la zamani bado lipo rafuni.

Hapo ndipo ulipozaliwa utaratibu ambao watu wa vyumba vya kompyuta waliuita babu, baba na mwana. Kanda ya leo ni mwana, ya jana ni baba, ya juzi ni babu. Mwana akiharibika, baba yupo, na kwa kumchanganya na mabadiliko ya siku ile anazaliwa mwana mwingine sawasawa na wa kwanza. Babu hupelekwa kulala jengo jingine, moto ukitokea asiungue na wanawe. Na mwana mpya akiingia, aliyekuwa babu anaondolewa kwenye ukoo: anafutwa, anarudishwa kazini akiwa kanda tupu. Kanda ilikuwa ghali, na kuitumia upya kulihesabiwa kuwa busara ya kazi. Busara hiyo ilikuja kugharimu, kama itakavyoonekana.

Nidhamu ya vyumba hivyo ilikuwa na vitu vyake vidogo. Nyuma ya rili palikuwa na kijishimo cha kuingiza pete ya plastiki. Pete ikiwepo, mashine inakubali kuandika. Pete isipokuwepo, inasoma tu, hata mwendeshaji akiamuru vipi. Mwanzoni na mwishoni mwa kanda palibandikwa kipande cha karatasi ya fedha kilichorudisha mwanga, ili mashine ijue pa kuanzia na isije ikaivuta kanda yote ikatoka kwenye rili. Palikuwa pia na mkutubi, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kujua kila rili iko wapi, inatoka lini, inafutwa lini. Kampuni iliyokuwa na rili elfu kumi na mkutubi mzembe ilikuwa na plastiki nyingi na habari chache.

Rili zilitawala hadi mwaka 1984. Mwezi Machi mwaka huo IBM ilileta 3480, na umbo la kanda likabadilika moja kwa moja. Badala ya duara la sentimita 27 lililofungwa kwa mkono, mwendeshaji alishika kaseti ya mraba inayoingia kiganjani, yenye megabaiti 200. Haikufanana na kaseti ya muziki kwa jambo moja la msingi: ndani yake mlikuwa na rili moja tu. Ya pili ilikuwa ndani ya mashine, iliyoidaka ncha ya kanda, ikaivuta, na kazi ikiisha ikairudisha yote. Hivyo kaseti nzima ni kanda, hakuna nafasi ya bure. Karibu kila kaseti ya kibiashara iliyodumu baada ya hapo ilishika mtindo huo.

Kaseti za mraba zilifungua mlango ambao rili haikuweza: roboti. Mwaka 1987 kampuni ya StorageTek ya Colorado ilianza kuuza ghala la duara, refu kuliko mtu, lenye kaseti zipatazo 6,000 ukutani na mkono wa chuma katikati. Mkono ulizunguka, ukachungulia lebo ya mistari, ukachomoa kaseti, ukaipeleka kwenye mashine. Mkutubi hakuhitajika tena.

Miaka ya 1990 ilikuwa ya vurugu. Kampuni ya Digital ilikuwa na kaseti yake iliyokuja kuitwa DLT, ikaiuza kwa Quantum mwaka 1994. Exabyte walichukua kaseti ya video ya milimita 8 wakaigeuza ya data. Sony na HP walifanya vivyo hivyo kwa kaseti ya muziki ya DAT. Mteja aliyenunua aina moja alikuwa amejifunga, kwa kuwa kaseti haikuingia kwenye mashine ya mwenzake, na bei ikapangwa na yule mmoja. Kuvunja kifungo hicho, IBM, HP na Seagate walikubaliana kutengeneza mfumo wa pamoja, LTO. Kaseti ya kwanza ilitoka mwaka 2000 ikiwa na jigabaiti 100. Ahadi iliyowavuta wanunuzi haikuwa ukubwa peke yake. Ilikuwa kwamba mashine ya kizazi kipya itasoma kanda za vizazi viwili vilivyotangulia.

Wakati huohuo maziko ya kanda yalikuwa yakitangazwa kila mwaka. Diski zilishuka bei. Kampuni moja ya California, Data Domain, ilijenga biashara nzima ya kuhifadhi nakala kwenye diski, na ikagawa vibandiko vya gari vinavyoitukana kanda na kuwataka watu wasonge mbele. Kanda yenyewe iliwasaidia maadui zake. Mwaka 2005 Bank of America ilipoteza kanda zenye habari za wafanyakazi wa serikali wapatao milioni 1.2. Miezi michache baadaye Citigroup ikatangaza kwamba sanduku la kanda lililokuwa likisafirishwa limepotea njiani, na ndani yake mna habari za wateja milioni 3.9. Hakukuwa na udukuzi wala ujanja. Ni mizigo iliyopotea, kama sanduku lolote la basi la mkoani, isipokuwa kwamba data zake hazikusimbwa. LTO ya kizazi cha nne, mwaka 2007, ikaja na usimbaji ndani ya mashine yenyewe.

Lakini anayetaka kujua kanda inakufaje asiangalie vibandiko vya washindani wala masanduku yaliyopotea. Aangalie NASA.

Julai 1969, picha za wanaanga wakitembea mwezini zilipokelewa kwenye vituo vya Australia na California. Kilichorushwa kwenye televisheni kilikuwa nakala iliyogeuzwa na kupungua ubora. Ishara yenyewe, iliyo safi zaidi, ilirekodiwa kwenye kanda pana za inchi moja pamoja na data nyingine za safari, zikasafirishwa Marekani zikahifadhiwa. Zilipotafutwa kwa bidii kuanzia mwaka 2006 hazikuonekana. Mwaka 2009 NASA ilitoa jibu: kwa kila dalili zilifutwa na kutumika tena, wakati shirika lilipokuwa na uhaba wa kanda. Babu aliachiliwa arudi kazini, na hakuna aliyekumbuka alikuwa amebeba nini.

Kisa cha pili kina mwisho mwingine. Kati ya 1966 na 1967 vyombo vitano vya Lunar Orbiter vilipiga picha uso wa mwezi ili kutafuta mahali pa Apollo kutua. Data zake zilirekodiwa kwenye kanda kwa mashine za Ampex FR-900, kila moja na ukubwa wa jokofu na uzito wa mamia ya kilo. Miaka ya 1980 kanda zilipokaribia kutupwa, Nancy Evans, mtunza kumbukumbu wa NASA, alikataa. Alijua pia kwamba kanda bila mashine ni plastiki, akazitafuta FR-900 zilizokuwa zikiondolewa kazini na jeshi la anga. Hakupata fedha za kuzitengeneza. Mashine hizo zilikaa kwenye gereji ya nyumba yake kwa miaka mingi.

Hatimaye watu wawili waliotaka kuziokoa, Dennis Wingo na Keith Cowing, walizichukua pamoja na kanda zake hadi kituo cha NASA cha Ames, California, wakapewa jengo lililowahi kuwa mgahawa wa McDonald's. Mafundi wastaafu waliitwa. Vipuri vilichomolewa kwenye mashine moja kuihuisha nyingine. Novemba 2008 ikatoka picha ya kwanza: dunia ikichomoza juu ya upeo wa mwezi, ileile ya 1966, sasa ikiwa na uangavu ambao waliorekodi wenyewe hawakuwa na uwezo wa kuutoa. Kanda ilikuwa imekaa miaka 42 na bado ilikuwa inasema. Mashine ndiyo iliyokuwa karibu kutoweka duniani.

Si kwamba kanda haizeeki. Gundi inayoshika chembe za sumaku, hasa kwenye kanda kadhaa za miaka ya 1970 na 1980, hunyonya unyevu wa hewa ikawa nata, na kanda ikipitishwa mashineni hubandika na kubanduka. Dawa yake huonekana kama mzaha: kanda huokwa kwa saa nyingi kwenye joto la nyuzi zaidi kidogo ya 50, gundi inakauka kwa muda, data inasomwa upesi kabla haijarudia hali. Hii ni kasoro ya fundi na joko. Kukosekana kwa mashine hakuna joko lake.

Ndiyo maana kanda ilipopata wateja wapya, swali la mashine lilirudi. Wateja hao walikuja kwa sababu mbili. Ya kwanza ni bei: kaseti iliyo rafuni haili umeme, na maabara ya CERN, kwa mfano, huweka kwenye kanda matokeo ya migongano ya chembe yasiyo na hesabu. Ya pili ni wadukuzi wanaofunga data za kampuni na kudai fidia. Mdukuzi hufika kila mahali waya unapofika, na kaseti iliyo kwenye kabati haina waya. Ni ileile faida iliyoiokoa Gmail.

Kaseti ya LTO ya kizazi cha tisa, ya mwaka 2021, inatosha kiganjani kama babu yake wa 1984, lakini ina terabaiti 18. Ndani mna kanda ya mita 1,035, nyembamba kuliko unywele, yenye njia 8,960 za data zilizolala sambamba katika upana uleule wa nusu inchi ambao Eckert na Mauchly walianza nao. Kuijaza yote kwa mashine ya kasi ya megabaiti 400 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 12.

Waliobaki kuitengeneza ni wachache mno. Kanda zenyewe zinatoka Japani, kwa Fujifilm na Sony, na hao wawili walipofikishana mahakamani juu ya hataza, kaseti za kizazi cha nane zilikuwa adimu hadi walipopatana mwaka 2019. Ahadi ya kusoma vizazi viwili vya nyuma nayo ilianza kupungua: mashine ya kizazi cha nane ilisoma kimoja tu, na ya tisa vilevile. Mwaka 2025 ikaja LTO ya kumi, yenye terabaiti 30 kwa kaseti na kichwa kilichosanifiwa upya. Haisomi kaseti ya kizazi chochote kilichotangulia. Kampuni inayohamia huko na bado ina kaseti za kizazi cha tisa ghalani, za mwaka juzi tu, inalazimika kubaki na mashine za zamani pembeni, na vipuri vyake, na mtu anayejua kuzifungua.